Bati Juu, Udongo Chini

4 Februari

Babu mchumba wangu,

Nimefika salama. Basi lilitushusha saa nane mchana, nikadhani nimesimama karibu na injini, kumbe ni upepo wa huku. Unavuma kama mtu amefungua tanuri la mkate na kwenda zake. Midomo ilinipasuka siku ya kwanza. Nguo zinakauka kabla sijamaliza kuanika. Bibi angepapenda hapa kwa hilo tu.

Mji ni mdogo: barabara moja ya lami, soko, shule mbili, na kituo cha afya ambacho ndicho kilichonileta. Nimepewa kuchora na kusimamia wodi mpya ya wazazi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza peke yangu, Babu, bila bosi wa kuninyang'anya kalamu.

Wodi ya zamani ni chumba kirefu cha tofali nyembamba za saruji, bati juu, dari hakuna, na madirisha makubwa ya vioo yanayotazama magharibi. Kina vitanda kumi na viwili. Nilipoingia mchana nilikuta kina mama wawili. Nikauliza wengine wako wapi. Mkunga mkuu, mama mfupi mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, akanijibu, "Wengine wana akili. Wamejifungulia kwao."

Nikatundika kipimajoto ukutani. Nyuzi arobaini na mbili. Nikakitoa nje kivulini: thelathini na tisa. Yaani ndani kuna joto kuliko nje! Mkunga aliloweka shuka akamfunika mama aliyejifungua asubuhi. Nilikuwa bado naandika vipimo vyangu shuka likawa limekauka. Aliniambia mwaka jana, miezi hii hii, mama mmoja aliogopa joto la wodi akabaki nyumbani, akatoka damu nyingi, akaletwa amechelewa. 

Kamati ya kituo inataka viyoyozi, na mkunga ndiye anayevidai kwa kelele kuliko wote. Lakini umeme huku hukatika karibu kila mchana, saa ile ile ambayo joto limepamba moto. Kwa hiyo mimi nina mpango mwingine. Kuta za udongo, unene wake kama kutoka ncha ya kidole changu hadi kiwiko, ili joto lichoke njiani kabla ya kufika ndani. Jengo lilale kufuata njia ya jua, ubavu mfupi usio na dirisha ndio ukabili magharibi. Madirisha madogo. Ua katikati. Na juu, kuba la tofali za udongo. Bati hata moja hakuna.

Najua ukifika hapo utavua miwani. Ivae tena, umsalimie mke mwenzangu.

Mjukuu wako,
Msanifu

*

16 Februari

Mchumba,

Miwani niliivua kweli, nikampa Bibi yako aisome hiyo sehemu, nikidhani macho ndiyo yamenidanganya. Akaisoma kwa sauti. Udongo. Chai ikapoa.

Mimi babu yako, watu wananiita Fundi Timazi kwa sababu ukuta wangu haujawahi kuinama. Nimejenga nyumba mia mbili na kitu katika mji huu. Unajua wateja wangu walikuwa wanatoka kwenye nyumba za nini? Za udongo! Nyoka kwenye nyufa, mchwa kwenye boriti, kila mwaka kukandika upya. Mtu akihamia kwenye tofali na bati alikuwa anawaita ndugu waje kuangalia. Bati jipya likiwaka jua la asubuhi, mwenye nyumba alikuwa anavuka barabara aende kulitazama kwa mbali. Miaka arobaini nimewatoa watu kwenye udongo, leo mke wangu mdogo, msomi, anawarudisha!

Sikukatazi. Nakuuliza swali moja tu la kifundi. Na mvua je? Udongo na maji mimi navijua tangu mama yako hajazaliwa. Usije ukaniambia umeweka dawa kwenye udongo. Niambie maji yakija yanapita wapi.

Bibi anasema upake mafuta midomoni. Anasema pia kwamba yeye ndiye mke mkubwa, kwa hiyo barua zianze kwake.

Babu yako,
Timazi

*

28 Februari

Babu,

Maji hayapiti popote kwa sababu hayaji. Hapa haijanyesha mvua ya maana kwa miaka miwili. Watoto wa darasa la kwanza hawakumbuki hata dimbwi likoje. Usiwe na wasiwasi.

Sasa sikiliza mambo ya kamati. Walikaa saba, mkunga katikati. Niliwatandikia michoro mezani. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, aliitazama kwa muda akauliza kwa upole, "Binti, hii ni michoro ya zamani?" Wakacheka. Mkunga hakucheka. Akasema, "Kina mama wangu wana udongo kwao. Wakija kwangu wanataka kujua wamefika hospitali."

Nikapandisha hasira, Babu. Niliwaambia ukweli mtupu. Nilisema majumba ya tofali nyembamba na bati yaliyojaa katika nchi hizi za joto yalijengwa na mafundi wavivu wa kufikiri, watu waliojua kupanga tofali tu, na hawakuwahi kulala ndani ya walichokijenga. Nilisema hizo si nyumba, ni masufuria yaliyofunikwa. Ungenisikia! Hata mwenyekiti alishika kidevu.

Mwisho tumekubaliana hivi: nijenge chumba kimoja cha majaribio nyuma ya stoo, nikilinganishe na wodi ya zamani mchana kweupe. Chumba kikishinda, nachora nitakavyo. Kikishindwa, viyoyozi. Mkunga amesema yeye mwenyewe ataingia humo kuanzia saa sita mpaka saa kumi, na mwili wake ndio utakaokuwa kipimajoto.

Nina mafundi wanne na udongo mwekundu mzuri sana. Nitashinda tu!

Mjukuu wako mwenye furaha,
Msanifu

*

25 Machi

Mjukuu wangu,

Hii barua ni yangu mimi Bibi yako na Babu hajui, kwa hiyo ukijibu, jibu kama hujaipata.

Umeona ukimya wa huyu mzee. Ile barua yako ya mwisho aliisoma mara moja, akaikunja, akasema wino wa kalamu umekwisha. Kalamu tunazo sita. Kuna jambo umeliandika humo limemchoma. Mimi sisomi mambo ya kamati, lakini niliona uso wake.

Ila hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Babu yako ana mtu.

Usicheke. Mimi nimeishi naye miaka hamsini na moja, najua mwendo wake. Siku hizi ikifika saa saba mchana, jua la kupasua mawe, saa ambayo miaka yote amekuwa amejinyoosha mkekani, anavaa shati safi, anachana nywele, anatoka. Nikimuuliza anakwenda wapi, "Naenda kusalimia." Kusalimia nani saa saba? Anarudi saa kumi amelowa jasho na yuko kimya, mara nyingine ana huzuni, na siku moja, Alhamisi, alirudi anacheka peke yake. Ana kidaftari anakificha chini ya godoro upande wake. Nilikifungua. Nimeona majina ya watu na tarakimu. Majina mengine ya wanawake! Yule mjane wa nyuma ya shule yumo, na mbele yake ameandika "38". Yule mwanamke hana miaka thelathini na nane hata akiukata umri wake mara mbili.

Mzee wa miaka sabini na nne. Nimekwisha.

Wewe anakupenda. Mpeleleze taratibu.

Bibi yako,
mke mkubwa

*

6 Aprili

Babu yangu mpendwa,

Siku nyingi kimya. Naandika kuomba radhi. Niliirudia barua yangu kichwani nikiwa naoga, na maji yakawa baridi ghafla. Nilisema mafundi wavivu. Sikuwa nakuwaza wewe, nilikuwa nawaza ile wodi, lakini ulimi ulipita na kwako. Mikono iliyonisomesha ndiyo iliyopanga zile tofali. Nisamehe.

Habari za huku ni nzuri. Kazi inaendelea vizuri.

Babu, nataka kukuuliza kitu, tena kwa heshima. Kama mtu ana jambo moyoni, na jambo lenyewe linamfanya atoke mchana, si vizuri kumwambia mjukuu wake? Mimi sina mdomo.

Nawasalimu wote.

Msanifu

*

17 Aprili

Mchumba,

Nani kakwambia natoka mchana? Usijibu. Nimemtazama Bibi yako, ameingia jikoni.

Radhi nimeipokea. Ilinichoma, nisikudanganye. Nilikaa siku mbili nikikutungia majibu makali. Siku ya tatu nikaenda kwa muuza dawa nikanunua kipimajoto cha ukutani. Nikasema, huyu mtoto nitamwonyesha. Nitaingia kwenye nyumba zangu moja moja, saa ile mbaya, niandike, nimpelekee, anyamaze.

Basi ndicho ninachofanya. Nakwenda kusalimia. Wananikaribisha vizuri, "Fundi Timazi, karibu ndani!" halafu wenyewe hawakai ndani, wanasimama mlangoni. Nakitundika kipimajoto kwa siri nyuma ya pazia tukiwa tunaongea. Nimeshaingia nyumba ishirini na tatu. Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Thelathini na nane na nusu. Kwa mjane wa nyuma ya shule nilikuta nyumba imefungwa, yeye amekaa chini ya ukuta wa jirani na mtoto wa bintiye mapajani. Nikamwambia, mama, nyumba umepewa na hukai ndani? Akaona haya, akanifungulia: ndani thelathini na nane. Akasema, "Fundi, nyumba yako ni nzuri sana, haijawahi kuvuja. Ila mchana hatukai." Miaka kumi na tisa, mchumba, hajaniambia, hakutaka kunivunja moyo. Nilirudi nyumbani nimekunja mkia.

Lakini sikiliza hili, maana Alhamisi moja nilirudi nacheka. Unamkumbuka muuza mbegu? Nyumba yake ya zamani ilikuwa na paa bapa la boriti na udongo. Aliponiita niweke bati alikataa katakata nisilibomoe lile la zamani, ati vumbi litaharibu mbegu zake. Nikamwambia haiwezekani, akasema inawezekana. Kwa hasira nikasimamisha nguzo juu ya kuta, nikaezeka bati juu kabisa, chini yake lile paa la udongo liko vile vile, katikati uwazi unaomfika mtu magotini. Nikamkataza asimwambie mtu nani kajenga. Katika nyumba zangu zote hiyo ndiyo pekee niliyoionea aibu, nikipita nageuza uso.

Nimetundika kipimajoto saa nane mchana. Nyuzi thelathini! Nikadhani kimeharibika, nikakigonga. Thelathini. Muuza mbegu kalala usingizi kwenye magunia, feni hana.

Bati linakula jua lote pale juu, upepo unapita katikati unaliondoa joto, udongo uko chini kivulini haujui kama kuna jua. Na mvua ikija, inakutana na bati kwanza.

Sasa zamu yako. Barua yako ni fupi. Mtu ambaye kazi yake inaendelea vizuri huniandikia kurasa nne za kujisifu. Wewe umeandika mstari mmoja. Kuna nini huko?

Timazi

*

29 Aprili

Babu,

Imenyesha.

Miaka miwili hakuna, halafu tarehe mosi Aprili, siku ya wajinga, saa kumi jioni, wingu moja jeusi. Dakika arobaini tu. Ilikuja kwa upande, imebebwa na upepo, ikapiga kona ya chumba changu kama mtu anayefua. Nilisimama nje na turubai mkononi, naita mafundi, na kuba linameguka mbele ya macho yangu. Kona ya kusini ilikaa chini polepole kama mzee anayeketi. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanaruka kwenye madimbwi na kupiga vigelegele. Mji mzima ulifurahi isipokuwa mimi.

Mkunga alikuja na gumboti zake. Nilingoja aseme. Alilitazama lile tope, akanitazama mimi, akavua koti lake la mvua akanivisha. Akasema, "Ingia ndani, utaugua, nami sina kitanda chenye nafuu cha kukulaza." Bora angenitukana.

Sikukuambia kwa sababu uliniuliza swali moja tu la kifundi na mimi nikakujibu kama mtoto.

Sasa niache nieleze jinsi nilivyosoma barua yako. Niliisoma nimesimama. Kisha nikakaa chini palepale kwenye kifusi nikachora upande wa nyuma wa bahasha. Kuta za udongo, ndiyo, lakini zianzie juu ya msingi wa mawe uliopanda kutoka ardhini, zisiguse maji yanayoruka. Dari bapa nzito ya boriti na tofali za udongo badala ya kuba. Uwazi. Halafu bati lako, Babu, bati kubwa, lenye upenu mpana unaotoka nje ya kuta hatua mbili, kama mwavuli. Sikuwa na ugomvi na bati. Nilikuwa na ugomvi na mahali lilipowekwa.

Kamati imenipa mpaka mwisho wa Mei. Chumba kile kile, mara ya mwisho. Mafundi wangu wanne ni wazuri, lakini kusimamisha bati juu ya nguzo kwenye upepo huu hawajawahi, wanasema litaruka na kwenda nchi ya jirani.

Babu, njoo. Wewe umeshafanya.

Mjukuu wako,
aliyeloa

*

8 Mei

Mjukuu wangu,

Namtuma. Kapanda basi la asubuhi na sanduku la vifaa ambalo hajaligusa tangu astaafu. Alilifuta vumbi jana kutwa huku anapiga mluzi. Goti lake la kushoto usimruhusu kupanda ngazi. Atapanda. Msimamie chini umpigie kelele.

Lile jambo nililokuandikia Machi lisahau; kidaftari amenisomea mwenyewe. Nimekwenda kumwomba radhi yule mjane kimoyomoyo, nikampelekea ndizi. Hakujua ni za nini, akashukuru sana. Ila kuna kitu nimekiona njiani: nami nimekaa ndani ya sufuria miaka yote hii nikidhani ndivyo dunia ilivyo.

Mzee arudi na shati zote nne.

Bibi

*

2 Juni

Mke wangu,

Shati zipo tatu. Moja tumeifanya alama ya kuonyesha upepo.

Nimefika, na mjukuu wako amekonda ila ana sauti ya kuamrisha, ameitoa kwako. Mafundi wa huku walinitazama goti, wakatazama zile nguzo, wakaguna. Nikapanda. (Alipiga kelele kama ulivyomwagiza.) Nikawaonyesha jinsi ya kufunga kenchi za kubeba bati kwa vyuma vinavyoshuka ndani ya ukuta mpaka kwenye mawe, upepo ukitaka bati lazima ubebe na nyumba. Wakaacha kuguna.

Jumanne ilikuwa siku ya kipimo. Kamati yote ipo. Mkunga kaingia chumbani saa sita na mto wake. Kabla hajajilaza akanigeukia, "Mzee, nikifa na joto humu utanizika?" Nikamwambia, "Nitakujengea kaburi lenye upenu."

Saa nane tukaangalia kipimajoto. Thelathini na tano. Wodi ya zamani arobaini na moja. Kushinda tumeshinda, lakini mjukuu wako alinywea, maana hesabu zake zilisema thelathini. Mwenyekiti akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayetafuta maneno. Mimi nikaona pazia linacheza. Mkunga alikuwa amefungua madirisha yote! Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Chumba lazima kipate hewa, miaka thelathini nafungua madirisha asubuhi." Yaani alikuwa anakaribisha ule upepo wa tanuri ndani, uikute baridi iliyohifadhiwa uimalize.

Mjukuu wetu akamweleza. Huku mambo ni kinyume: mchana unafunga, jua likizama unafungua kila kitu pamoja na tundu tulizoziacha juu ya kuta, kuta zipumue joto lake, asubuhi unafunga tena na kuilinda ile hewa. Mkunga akamtazama. "Yaani nyumba hii inataka kulelewa." Akasema atarudia kesho.

Kesho yake saa nane ilikuwa ishirini na tisa na nusu. Nje arobaini. Umeme ulikatika tangu saa tano na hakuna aliyejua. Tulimngoja mkunga atoke saa kumi, hakutoka. Mwenyekiti akagonga. Sauti ikatoka ndani, "Fungeni mlango huo, mnaniingizia joto!"

Kamati imepitisha. Ameacha kutaja viyoyozi; anataka kimoja tu kidogo kwa chumba cha dawa, na hapo ana haki. Sasa kazi yenyewe inaanza, vitanda kumi na vinane. Wameniomba nikae kidogo niwasimamie mafundi. Nimewaambia namwandikia kwanza mwenye mamlaka.

Mumeo,
Timazi

*

11 Februari

Mama yangu,

Hatujaonana, lakini nimekaa na mume wako miezi hii yote, ametoka kwako na kurudi huku mara tatu, na nimemsikia akikusifia mpaka nakujua. Mimi ni mkunga mkuu wa hapa. Nakuandikia kwa sababu mzee alipaswa kuwa kwenye basi la jana na hakuwemo, na sitaki upate hofu. Yeye ni mzima. Mjukuu wako pia, ila sauti imemkauka kwa hotuba. Acha nikueleze tangu mwanzo.

Wodi tumeifungua Jumamosi. Wageni walikuwa wengi, viti nje uani kivulini, hotuba tano. Ilipofika zamu ya kumshukuru fundi, mwenyekiti akaita, "Fundi Timazi!" Kimya. Akaita tena. Mjukuu wako akasimama kutafuta. Tukaangalia stoo, tukaangalia juu ya paa, maana goti halimzuii. Mwisho nikaingia wodini. Mama, nilimkuta kwenye kitanda namba nne, amevua viatu amevipanga vizuri, ameweka kofia kifuani, anakoroma. Saa saba na nusu mchana. Mjukuu wako alipotaka kumwamsha nilimzuia. Nikatoka nikawaambia wageni kuwa fundi anajibu hotuba kwa vitendo, na wakitaka waje wamsikie. Wakaja kwa mstari, wamevua viatu, wanachungulia mlangoni. Mtu mzito wa wilaya alisimama pale kwa muda mrefu akiona wivu.

Basi tuko hapo hapo, gari likaingia. Mama kijana, uchungu wa kwanza, ametoka mbali, amebebwa na mumewe na dada yake. Alikuwa anasema njiani kote kwamba arudishwe nyumbani, hataki kuja kukaangwa kwetu. Ndivyo tulivyokuwa tunajulikana. Nikamwamsha mzee. Akaketi, akaniuliza, "Nimezaa nini?" Nikamwambia aondoke, mwenye wodi amekuja. Alitoka pekupeku, viatu mkononi, na hotuba ya shukrani ikaishia hapo.

Mtoto alizaliwa saa tisa na robo, wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Nje nyuzi arobaini na moja, ndani ishirini na tisa, umeme haupo. Nimezalisha watoto miaka thelathini na moja, na ile ilikuwa mara ya kwanza mwezi wa pili jasho langu halikudondoka juu ya mtoto. Nilikwenda nyuma ya ua nikalia kidogo. Nilimfikiria mmoja ambaye hakufika mapema. Mjukuu wako alinikuta pale, akasimama tu karibu yangu mpaka nikamaliza.

Sasa tatizo letu ni hili. Zamani kina mama walikuwa wanatoroka saa mbili baada ya kujifungua, hata kabla sijawapima. Huyu tulimpa ruhusa Jumapili. Amekataa kuondoka. Jumatatu mumewe akaja na gari, amekasirika kidogo. Akaingia ndani kumchukua, akaketi kwenye kiti, jioni bado yumo. Leo ni siku ya nne. Kuna mama wengine watano wamekwishaingia, na nimewasikia wakipanga kwamba hakuna atakayekuwa wa kwanza kutoka.

Jana hiyo hiyo nilimwambia yule kijana, "Baba, mke na mtoto wako wazima, nyumbani kuna nini?" Akanijibu, "Kuna joto, mama. Tutamwekaje huyu mtoto kwenye bati lile?"

Mume wako alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu aende kituo cha basi. Akasimama. Akamuuliza yule kijana kuta zake zina unene gani, na kama ana nguzo. Nilipogeuka nikamkuta mjukuu wako ameshika penseli, wote watatu wameinama juu ya sakafu yangu safi wanachora.

Wameondoka asubuhi hii na sanduku la vifaa kwenda kwa yule kijana. Mzee amesema umngoje wiki ijayo, na kama utachoka kungoja, basi upande basi uje, kuna kitanda namba nne.

Mimi,
Mkunga Mkuu